Kibati cha Kanda ya Jambiani

"Stoo imejaa," Jecha alisema.

Wanu, binti wa vipindi vya redio, akamtazama, kisha akazitazama rafu. Zilianzia mlangoni zikaenda hadi dirisha la mwisho, mbao nene zilizokwisha kuwa nyeusi kwa umri, na karibu nusu yake zilikuwa tupu.

"Imejaa nini, Ami? Nnaona mbao tupu toka hapa mpaka kule. Mtu atatandika mkeka humo alale, yeye na mgeni wake."

"Nafasi ipo, mwanangu. Vibati ndivyo vilivyokwisha."

"Basi itie bila ya kibati."

"Haiingii bila ya kibati."

"Kwa nini?"

Jecha alishusha pumzi. Swali hilo alikuwa akiulizwa kila wiki, na kila akilijibu lilimchosha zaidi, kwa sababu jibu lenyewe lilikuwa la kweli na halikumridhisha hata yeye.

Stoo ile ya nakala ilikuwa kwenye nyumba kongwe ya mawe pale Kiponda, mbali na studio ya redio iliyokuwa Ng'ambo. Iliwekwa mbali kwa makusudi. Studio ikishika moto au ikiingia maji, yaliyomo Kiponda yatasalimika. Kipindi kikirekodiwa hutolewa nakala, nakala hupelekwa kwa Jecha, na kanda ya asili hurudi kazini kurekodiwa jambo jingine, maana mwaka huo wa sabini kanda mpya zilikuwa adimu kama sukari. Kwa hiyo nakala ilipokwisha kutoka studio ilikuwa si nakala tena. Ilikuwa ndiyo yenyewe, ya pekee.

Na kila kanda iliyoingia stoo ilifungwa kibati cha shaba chenye namba. Kibati kilikuwa na kijumba chake katika sanduku kubwa la kadi, na bila ya hivyo viwili hakuna ambaye angeweza kuipata kanda tena. Vibati mia sita vilifuliwa zamani na mfua shaba mmoja wa Hurumzi. Aliyeviagiza bila shaka alidhani mia sita ni idadi isiyokwisha, kama mtu anayechimba kisima akadhani amechimba bahari. Mfua shaba yule alihama baada ya mapinduzi, akahama na mihuri yake ya namba. Kanda fupi ya tangazo ilikula kibati kimoja, na kanda ndefu ya hotuba ilikula kibati kimoja vilevile. Rafu zikabaki na nafasi, vibati vikaisha.

"Tuliwahi kujaribu namba za karatasi," Jecha alieleza. "Gundi ikaachia kwa joto. Karatasi mbili zikahamiana. Siku ya msiba, saa ya kisomo, redio ikatoa ngoma ya harusi."

Wanu alicheka kwa pua. "Nlisikia habari hiyo. Nikidhani uzushi."

"Si uzushi. Mtu alipigiwa vigelegele maiti wake yumo ndani. Tangu siku ile Ndugu Mkubwa kasema, isiyo na kibati haikai stoo. Na mimi siwezi kumlaumu."

Ndugu Mkubwa alikuwa ndiye mkuu wao. Serikali ilikuwa imekataza habari za bwana mkubwa, watu wote sasa ni ndugu, lakini yeye mama yake alimwita Mkubwa tangu utotoni na hapakuwa na la kufanya. Watu walimwita Ndugu Mkubwa, na hapakuwa na aliyelitamka jina hilo bila ya kuhisi kwamba neno moja linalitania jenzake.

Wanu aliiweka kanda yake juu ya meza ya Jecha, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Ami, unaijua hii ni nini?"

Jecha alijua, lakini alimwacha aseme.

Ilikuwa sauti ya Bi Tabia wa Jambiani. Wanu alikwenda huko na mashine ya kurekodia iliyomvunja bega, akakaa na wanawake wa pwani wakati wakifukua makumbi yao ya nazi mchangani na kuyapiga kwa magongo ili watoe usumba wa kusokota kamba. Wakipiga huimba, na gongo ndilo linaloshika mwendo. Bi Tabia ndiye aliyekuwa mwanzishi. Mara ya kwanza alikataa. Alisema sauti yake si kitu cha kuchukuliwa mjini ikaenda kufutwafutwa kama ubao wa skuli. Wanu akamwapia kwamba itatunzwa. Bi Tabia akaimba, asubuhi nzima, nyimbo nyengine hata wanawake waliokuwa pamoja naye walikuwa wamezisahau. Kabla ya mwezi kuisha akafariki.

"Ya asili ishatumika," Wanu alisema. "Nliirudisha mimi mwenyewe, kwa sababu nakala ilikwisha kutoka. Nikafuata utaratibu. Sasa utaratibu unanambia nakala haina pa kukaa."

"Niachie," Jecha alisema. "Ntatafuta njia."

Akatafuta. Aliomba vibati vipya, akajibiwa kwamba ombi lake limepokelewa. Alipouliza limepokelewa likafanywa nini, akajibiwa kwamba limepokelewa vizuri. Alikwenda kwa mafundi wa Darajani, mmoja akamwambia shaba ipo lakini mihuri hana, mwengine ana mihuri lakini shaba hana, na alipowataka wakutane ikadhihirika kwamba hawasemezani tangu ugomvi wa mahari walipoozeana watoto. Alipendekeza kanda mbili fupi ziunganishwe kwenye gurudumu moja ili zitumie kibati kimoja. Mafundi wa mitambo wakasema kanda ya namna hiyo haitafutiki, utataka salamu za Idi upate bei za karafuu.

Akafikiria kutoa kanda moja ya zamani. Lakini ipi? Alipita mbele ya rafu akigusa moja moja. Hii ina mashairi, hii ina mtaalamu wa Kizimbani akieleza ugonjwa wa mikarafuu, hii ina mawaidha ya sheikh aliyekwisha kufa naye. Kila moja ilikuwa na Bi Tabia wake. Jecha hakuwa mtu wa haraka kuhukumu watu, na alikuja kugundua kuwa hata kanda hawezi kuzihukumu.

Kilichomuudhi zaidi ni zile mbao tupu. Kama stoo ingekuwa imebanana kweli, angekaa na huzuni yake akaridhika. Sasa kila akiinua macho aliona nafasi, na nafasi ile haikumsaidia kitu. Ni sawa na kufa kiu mtu yumo ndani ya birika kavu la msikiti.

Jumatatu Ndugu Mkubwa alikuja mwenyewe Kiponda. Alikuwa mtu mzima, mfupi, mwenye kofia iliyofumwa vizuri na sauti ya upole iliyowatia watu hofu kuliko kelele.

"Shikamoo, Ndugu Mkubwa."

"Marahaba. Jecha, kanda zilizolala mezani mwako bila ya namba ni ngapi?"

"Saba."

"Na studio leo wamerekodi nini?"

Jecha aliziangalia zile kanda saba. Alijua kuwa hawakurekodi kitu, kwa kukosa kanda.

"Basi zirudi studio. Sisemi zitumike leo. Ziwekwe rafuni kwa Shaame. Ukiingia usiku wa Ijumaa, ambayo haijapata namba itumike. Nshakupa muda, usije ukasema sikukupa."

"Naam. Lakini kuna moja, ya Jambiani..."

"Kila moja ni moja, Jecha. Nletee namba, nami ntaishika mkono hiyo kanda mpaka rafuni."

Haikuwa amri mbaya. Jecha aliigeuza kichwani akaiona ina haki upande wake. Kanda saba zikaenda kwa Shaame, fundi wa mitambo, naye Jecha akahesabu siku: Jumanne, Jumatano, Alkhamisi, na Ijumaa yote mpaka jua litue. Siku ya Ijumaa asubuhi, kabla ya sala, angekwenda kwa Ndugu Mkubwa kumwomba mara ya mwisho. Akapanga hata maneno.

Jumatano Wanu alimpitia.

"Umepata?"

"Bado."

"Ami, watu wa Jambiani wananiuliza lini wataisikia. Binti yake kanunua betri mpya za redio. Betri, Ami, na unajua betri zilivyo siku hizi."

"N'najua."

"Nnaambiwa hapa kuna kanda mia sita. Hakuna hata moja iliyo bure?"

"Kama ipo, sijaiona."

"Labda hukuitazama vizuri," Wanu alisema, akatoka. Hakusema kwa ubaya, ila neno lilibaki chumbani baada ya yeye kuondoka.

Alkhamisi Jecha alifunga stoo baada ya alasiri, kichwa kinamuuma, akaikokota baiskeli yake kwenye vichochoro mpaka akatokea Darajani. Pale penye kona alikaa Bi Khamisa na sinia lake la maua, asumini, mrehani na vilua, akitunga vikuba vya kutia nyweleni na kifuani. Bi Khamisa aliwajua waume wote wa Ng'ambo na alijua nani ananunua na nani hupita kama kwamba hakuona.

"Jecha! Unapita kama askari?"

"Leo nna mambo, Bi Khamisa."

"Mambo gani yanayomzuia mtu kununua kikuba? Leo usiku wa Ijumaa, baba. Utaingia ndani mikono mitupu, utafunguliwa kweli mlango?"

"Kesho ntanunua."

"Kesho!" Bi Khamisa akawageukia wanawake waliokaa karibu naye. "Msikieni huyu. Usiku wa Ijumaa kesho! Kesho ni usiku wa Jumamosi, kesho mimi siji hapa, nakaa kwangu. Mkewe atatiwa kikuba cha kumbukumbu."

Wanawake wakaangua kicheko. Jecha naye alianza kutabasamu, kisha tabasamu likamkatika.

Leo usiku wa Ijumaa.

Alikuwa amelisikia neno hilo tangu tumboni. Kwao Tumbatu mama yake, jua la Alkhamisi likishakuchwa, hutia udi chetezoni akasema usiku wa Ijumaa umeingia, tusome Yasini. Usiku hutangulia, mchana hufuata. Mwezi wa Ramadhani huanza usiku, mtu huoa usiku wa Ijumaa na Ijumaa ikamkuta keshaoa. Nyumbani Jecha mwenyewe alisema hivyo. Lakini ofisini alijifundisha kazi peke yake, kutoka kitabu cha Kiingereza cha utunzaji wa stoo na kalenda ya ukutani, na kwenye kalenda usiku wa Ijumaa ulikuwa chini ya Ijumaa. Alikuwa na masikio mawili, moja la nyumbani na moja la ofisini, na miaka yote hiyo hayakuwahi kuzungumza.

Ndugu Mkubwa hakuwa mtu wa kalenda ya ukutani. Alisema "ukiingia usiku wa Ijumaa", na usiku hauingii ila magharibi.

Jecha alitazama juu. Jua lilikwisha kushuka nyuma ya nyumba.

Aliirukia baiskeli kuelekea studio. Ila kabla hajafika nusu ya njia kichwa chake kilikwisha kukamata jambo jengine, akakanyaga kwa nguvu zaidi akijisemea kwa sauti hata watu wakamgeukia. Kulikuwa na kipindi cha mashairi na mawaidha kiitwacho Baraza ya Usiku. Zamani kilitoka usiku mara mbili kwa wiki, Alkhamisi na Ijumaa, kisha kikapunguzwa kikawa mara moja, Alkhamisi tu. Nakala zililetwa na watu wawili, Shaame wa mitambo na Bi Shemsa wa vipindi, ili mmoja akisahau mwengine asisahau. Ya kwanza kufika ilipewa kibati, na ya pili, ikiwa ni ileile, Jecha aliirudisha. Alijuaje kama ni ileile? Kwa kusoma siku iliyoandikwa juu yake. Shaame aliandika "Alkhamisi usiku". Bi Shemsa, mtu mzima wa Malindi, aliandika "usiku wa Ijumaa", na tarehe ya Ijumaa. Jecha alizisoma zote mbili kwa sikio la ofisini, akaona ni kanda mbili, akazipa vibati viwili. Kila wiki. Miaka.

Stoo haikujaa kanda. Ilijaa usiku mmoja ulioandikwa kwa majina mawili.

Adhana ya magharibi ilikuwa imeshamalizika alipoitupa baiskeli ukutani mwa studio. Taa nyekundu ya chumba cha mitambo ilikuwa inawaka, na mlango ule haufunguliwi taa ikiwaka. Jecha aliufungua.

Shaame aliruka kitini. Nyuma ya kioo bwana mmoja wa idara ya afya alikuwa akisoma karatasi yake mbele ya kipaza sauti, na kwenye mashine gurudumu lilikuwa likizunguka polepole, bila ya haraka yoyote.

"Kanda gani hiyo?" Jecha alisema.

"Sheikh, tunarekodi!"

"Nnakuuliza kanda gani!"

Shaame akatazama ganda tupu la kanda lililokuwa mezani. "Imeandikwa Jambiani. Usiku wa Ijumaa ushaingia, haina namba, nimeanza na ya juu. Nimekosa nini?"

"Zima."

"Jecha..."

"Izime, Shaame, namba ninayo!"

Gurudumu likasimama. Bwana wa afya akaendelea kusoma kidogo, akainua macho, akaona watu wawili wanatazamana nyuma ya kioo, naye akanyamaza.

Ndugu Mkubwa alikuwa bado hajaondoka. Alikuja akasimama mlangoni, akamsikiliza Jecha mpaka mwisho, na Jecha alieleza vibaya, akirudi nyuma na mbele, kwa sababu pumzi ilikuwa haijamrudia.

"Kwa hivyo wewe ulidhani nasema kesho," Ndugu Mkubwa alisema.

"Nilidhani kesho."

"Wewe, mtu wa Tumbatu?"

Shaame aliangalia sakafu. Haikuwa kejeli, Ndugu Mkubwa alikuwa ameshangaa kweli, na hilo ndilo lililouma.

"Haya. Mimi maneno ya mdomo sitayatia rafuni. Kesho asubuhi lete kanda mbili, hiyo ya Shaame na hiyo ya Bi Shemsa, tuzisikilize. Zikiwa moja, hii itapata kibati. Hadi hapo isiguswe."

Asubuhi ya Ijumaa walikaa wanne katika chumba kile: Ndugu Mkubwa, Shaame, Jecha na Wanu, aliyekuwa keshaambiwa yaliyotokea. Shaame alipandisha kanda yake. Msomaji wa mashairi akasoma, na katikati ya ubeti wa tatu akakohoa, akaomba radhi. Shaame akaishusha, akapandisha ya Bi Shemsa. Ubeti wa kwanza, wa pili. Wa tatu, kikohozi kilekile, radhi ileile.

Ndugu Mkubwa akajikuna chini ya kofia. "Zipo ngapi namna hii?"

"Sijui bado," Jecha alisema. "Nyingi. Ila za zamani, zama kipindi kikitoka mara mbili, zile ni mbali mbali kweli. Itabidi kila jozi isikilizwe."

"Kwa mashine ipi?" Shaame alidakia. "Mimi mashine ninayo hii moja, na inafanya kazi toka alfajiri."

Wakaanza kuvutana habari ya saa za mashine. Jecha aliyasikia kwa mbali. Alikuwa anamtazama Wanu, na Wanu alikuwa anaitazama kanda ya Jambiani.

"Tuisikilize," Wanu alisema.

Shaame aliipandisha bila ya kubishana. Sauti ya bwana wa afya ikajaa chumbani, safi kabisa, maana mashine ilikuwa nzuri na fundi alikuwa hodari. Mbu huzaliana katika maji. Makopo yafukiwe. Mitungi ifunikwe. Ikaendelea muda mrefu kuliko Jecha alivyotaraji. Kila sentensi ilikuwa ya manufaa, na kila sentensi ilikuwa imekaa juu ya wimbo ambao hakuna tena aliye hai anayeujua wote.

"...na ndoo zenye maji yaliyotuama zimwagwe kila..."

Kukawa na mkwaruzo. Kisha yakaja magongo, mengi, kwa mpigo mmoja, na juu yake sauti ya mwanamke mzee, kavu, iliyoanzia katikati ya neno:

"...lala mchangani, utaamka u kamba."

Wanawake wakaitikia. Wanu alifunika mdomo kwa ncha ya buibui yake.

Wakasikiliza mpaka mwisho, hata Ndugu Mkubwa, aliyekuwa na mkutano. Shaame alipoizima, alisema kwa sauti ndogo kwamba akitaka anaweza kuikata ile sehemu ya mbu.

"Usiikate," Wanu alisema. "Ukikata utakula na neno lake la kwanza. Limebaki nusu, liache hiyo nusu."

"Binti yake utamwambiaje?" Jecha aliuliza.

"Ntamwambia asubiri mbu wamalize." Alijaribu kucheka, haikuja. Kisha akamgeukia Jecha. "Ungenunua kikuba Jumatano, Ami."

"Jumatano havitungwi," Jecha alisema.

Akatoa mfukoni kibati alichokifungua kutoka kanda ya Bi Shemsa, akakifunga kwenye kanda ya Jambiani kwa uzi wa pamba, mafundo mawili. Ndugu Mkubwa alitimiza ahadi yake kwa namna yake: aliishika ile kanda kwa mikono miwili mpaka kwenye baiskeli.

Kiponda, stoo ilikuwa kama ilivyokuwa, rafu nusu zimejaa na nusu tupu. Jecha alikaa na kadi mpya mbele yake. Akaandika jina la marehemu, akaandika Jambiani, akaandika makumbi, na baada ya kufikiri akaandika pia mbu, ili atakayeifungua asije akadhani amekosea. Ikabaki siku ya kuingia. Hapo kalamu ilisimama.

Ilipata namba leo. Iliokolewa jana. Jana ambayo kwa Bi Khamisa ilikuwa leo. Jecha aliandika neno, akalifuta, akaandika jengine. Mwishowe akaandika kwa herufi kubwa, ikamaliza mstari ikaingia pembezoni: *Alkhamisi baada ya magharibi, kuamkia Ijumaa.*

Kadi ilikuwa ndogo, ikabidi aikunje pembe ndipo iingie katika kijumba chake. Kisha akavuta kiti mbele ya rafu ya Baraza ya Usiku, akashusha kanda ya kwanza, akaanza kusoma upya siku.